Shilingi ya Simba na Robo ya Rupia: Mwongozo wa Kuanza Kukusanya Sarafu Ndogo za Fedha

Maswali ninayoulizwa kuhusu sarafu za zamani hayabadiliki. "Hii ni fedha kweli?" "Inauzwa bei gani?" "Niing'arishe na nini?" Mara nyingi swali huja na picha moja yenye ukungu, simba haonekani vizuri na mwaka umefunikwa na kidole gumba. Nimeona niyaandike majibu yote mahali pamoja, kwa mtu anayeanza kabisa.

Nitashughulika na sarafu ndogo zilizozunguka mikononi mwa babu zetu: shilingi na sumuni za East Africa zenye simba, senti 25 na 50 zilizotangulia, na rupia ya Mjerumani pamoja na nusu yake na robo yake. Dhahabu iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 tuiache. Imeghushiwa sana, na anayeanza hana haja ya kuanzia huko.

Neno langu kubwa ni hili: soma sarafu kwanza, ndipo uipime. Mwaka na maandishi yake yatakuambia ina fedha kiasi gani kabla hujamfikia sonara yeyote.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara 10.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Mizani ya jikoni haitakusaidia.
- Rula nzuri, au kalipa (kifaa cha kupimia upana) ukiweza kuipata.
- Sumaku. Hata iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha.
- Kitambaa kinene cha kutandika mezani, maana sarafu itakuponyoka tu siku moja.
- Vifuko vya plastiki ngumu isiyo na harufu, au kadi maalumu za sarafu.
- Chupa ya maji ya betri. Ninasema yale maji safi ya kuongezea, siyo asidi! Soma lebo mara mbili.
- Daftari na kalamu.

Pesa nyingi huhitaji. Usinunue sarafu yoyote kabla ya kununua mizani na lenzi.

Hatua ya 1: Ishike kwa ukingo

Shika sarafu kwa vidole viwili pembeni, usiguse uso wake. Jasho la vidole huacha alama, na kwenye sarafu iliyokuwa bado inang'aa alama hiyo haitoki tena. Na kabla hujaendelea: usiisafishe. Ukwaju, ndimu na chumvi, majivu, dawa ya meno, steelwool, vyote vinafaa sufuria na sinia za shaba. Sarafu ya miaka mia ikisuguliwa inapoteza ngozi yake, na mnunuzi mzoefu ataijua akiwa hatua mbili kutoka mezani. Kosa hili ndilo linaloharibu sarafu nyingi kuliko kutu na moto.

Hatua ya 2: Soma mwaka, kisha maandishi upande wa mfalme

Shilingi ya East Africa ina mfalme upande mmoja. Upande wa pili simba amesimama na milima nyuma yake, pamoja na maneno EAST AFRICA, thamani na mwaka. Sumuni ina umbo lile lile kwa udogo, na imeandikwa FIFTY CENTS na HALF SHILLING.

Sasa weka lenzi jichoni uangalie upande wa mfalme. Unatafuta herufi hizi: IND: IMP:. Ni kifupi cha Kilatini cha cheo cha mfalme wa Uingereza kama mtawala wa India. India ilipopata uhuru mwaka 1947 cheo hicho kikafa, na sarafu za East Africa za kuanzia 1948 hazina maneno hayo. Kwa bahati nzuri kwako, mabadiliko hayo yaliambatana na mengine: kuanzia 1948 shilingi na sumuni ziliacha kutengenezwa kwa fedha, zikawa za mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Kwa hiyo:

- Mfalme George wa 5, shilingi za 1921 hadi 1925: zina fedha.
- Mfalme George wa 6, za 1937 hadi 1946, zenye IND: IMP: zina fedha.
- Mfalme yule yule, za 1948 hadi 1952, zisizo na IND: IMP: hazina fedha hata chembe.
- Sumuni ya Malkia Elizabeth: haina fedha.

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Shilingi ya 1946 na ya 1948 ni mapacha: simba yule yule, ukubwa ule ule, uzito ule ule. Ile ya 1948 mara nyingi ndiyo nyeupe na yenye mvuto, kwa sababu nikeli haichakai upesi. Ile yenye fedha imesinyaa, ina rangi ya majivu, na mgongo wa simba umeanza kuwa mwekundu wa shaba. Muuzaji atakusifia ile nyeupe. Wewe soma mwaka.

Hatua ya 3: Ijue familia ya sarafu yako

Kabla ya shilingi, Afrika Mashariki ilitumia rupia. Mwaka 1920 ikaletwa sarafu iitwayo florini, haikudumu, na shilingi ikashika nafasi kuanzia 1921. Kila kipindi kiliacha kiwango chake cha fedha:

*Rupia ya Mjerumani (1890–1914).* Rupia nzima ina gramu 11.66, nusu gramu 5.83, robo gramu 2.92. Usafi wake ni 917 kwa 1000, yaani karibu fedha tupu. Upande mmoja yupo Kaizari Wilhelm wa 2 na kofia ya chuma yenye tai juu yake. Upande wa pili unakupa kipindi: zile za kwanza, za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zina simba na mti wa jamii ya mitende na jina refu la Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Kuanzia 1904 simba hayupo, yameandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA na thamani katikati ya makuti.

*Senti 25 na senti 50 za East Africa & Uganda Protectorates (kuanzia 1906).* Gramu 2.92 na 5.83, usafi 800. Simba na milima vimeanzia hapa.

*Sarafu za 1920.* Usafi ulishushwa hadi 500, kwa kuwa bei ya fedha duniani ilikuwa imepanda kupita kiasi. Uingereza kwenyewe walifanya vivyo hivyo mwaka ule. Florini hizi ni adimu, hivyo ukiletewa kwa bei ya kutupa, shaka iwe nyingi kuliko furaha.

*Shilingi na sumuni (1921–1946).* Gramu 7.78 na 3.89, usafi 250. Kwa maneno mengine, shilingi ina uzito wa robo ya wakia (wakia moja ya fedha ni gramu 31.1), na robo ya uzito huo ndiyo fedha. Robo tatu iliyobaki ni metali za bei rahisi, shaba ikiwa ndiyo nyingi.

Hebu linganisha. Robo ya rupia ya Mjerumani ni kisarafu kidogo kinachopotea kwenye kiganja. Zidisha 2.92 kwa 0.917: gramu 2.68 za fedha. Shilingi ya 1921, pana na nzito: 7.78 mara 0.25, gramu 1.94. Kile kidogo kinaishinda ile kubwa. Hata senti 25 ya 1906, yenye fedha gramu 2.33, inaishinda. Ndiyo maana nasema ukubwa na mng'ao viache kwanza. Wauzaji wengi hupanga bei kwa ukubwa wa sarafu, na mkusanyaji anayejua hesabu hii hunyoosha mkono kwenye bakuli la visarafu vidogo wakati wenzake wanagombania shilingi.

Hatua ya 4: Tafuta herufi ya kiwanda

Kagua pande zote mbili kwa lenzi, hasa karibu na mwaka na chini ya picha. Kwenye sarafu za East Africa, H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham. I ni Bombay. SA ni Pretoria, Afrika Kusini. Isiyo na herufi ilitoka London. Bombay na Pretoria zinaonekana miaka ya Vita vya Pili vya Dunia na mara baada yake, 1941 hadi 1946. Kwa sarafu za Mjerumani, A ni Berlin na J ni Hamburg.

Kama hujui uanze na lengo gani, anza na hili: shilingi nne, moja ya kila kiwanda. London, Heaton, Bombay, Pretoria. Ni seti ya bei nafuu na inakufundisha kusoma sarafu kuliko kukusanya chochote kinachokujia.

Hatua ya 5: Pima

Weka mizani mahali tambarare pasipo upepo wa feni. Pima mara tatu, andika. Sarafu iliyotumika miaka mingi hupungua kidogo. Shilingi ya gramu 7.6 si ya kutilia shaka. Lakini rupia ya Mjerumani yenye gramu 9 au 10 ilhali maandishi yake yote yanasomeka vizuri, hiyo irudishe ilikotoka. Pima na upana: shilingi ni karibu milimita 28, sumuni karibu 21.

Hatua ya 6: Ijaribu bila kuiumiza

Sumaku kwanza. Fedha, shaba na nikeli iliyochanganywa na shaba hazinaswi. Ikinaswa ni chuma, yaani bandia. Isiponaswa haijathibitisha kitu, imepita mtihani mmoja tu.

Kisha ukingo. Zungusha sarafu chini ya taa. Meno ya pembeni yawe makali na yenye nafasi sawa. Ukiona mstari mwembamba kama mshono umezunguka katikati ya ukingo, sarafu imemiminwa kwenye kalibu, yaani ni bandia. Angalia pia juu ya kichwa cha mfalme, pale pembeni: kipele cha risasi ya kulehemea au mkwaruzo mzito mara nyingi maana yake iliwahi kuwa kidani. Wanawake wengi wa pwani walivaa rupia shingoni, na kipete cha kuning'inizia kikitolewa kovu hubaki.

Kwa rupia nzima na nusu, kuna mtihani wa maji ambao naupenda. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ubavu wa glasi. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia halisi: 11.66 ÷ 1.13, unapata kama 10.3. Ukipata karibu na 9, hiyo ni shaba na nikeli. Kwa robo ya rupia namba zinakuwa ndogo mno kwa mizani yetu, na kwa shilingi ya 1921 mtihani hausemi mengi kwa kuwa sehemu kubwa ni shaba. Kwa shilingi, rudi kwenye mwaka.

Usimruhusu sonara aisugue kwenye jiwe lake na kuitia asidi. Jibu atakupa sahihi, na sarafu atakurudishia ina jeraha.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya fedha iliyomo

Uzito mara usafi, gawanya kwa 31.1 upate wakia, kisha zidisha kwa bei ya wakia ya siku hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, wakia ya fedha ni dola 40:

- Shilingi (1921–1946): wakia 0.0625, dola 2.50
- Sumuni ya miaka hiyo: wakia 0.031, dola 1.25
- Senti 25 (usafi 800): wakia 0.075, dola 3.00
- Robo ya rupia: wakia 0.086, dola 3.44
- Rupia ya Mjerumani: wakia 0.344, dola 13.75

Njia ya mkato ya kukumbuka sokoni: shilingi 16 za simba ni wakia moja ya fedha. Sumuni ni 32.

Hesabu hii ni sakafu tu. Hakuna atakayekulipa kiasi hicho chote kwa shilingi zenye robo ya fedha, kwa sababu kuitenganisha na shaba kuna gharama. Sonara wa kawaida hataki hata kuzigusa. Kwa hiyo anayenunua shilingi za simba kama akiba ya fedha amekosea mlango. Rupia za Mjerumani zina mantiki zaidi kwa kazi hiyo. Shilingi inunue kwa sababu ya simba, herufi ya kiwanda na hali yake.

Hatua ya 8: Hukumu hali yake

Angalia sehemu zilizoinuka: taji la mfalme kama lipo, nyusi zake, manyoya ya shingo ya simba, bega lake la mbele. Manyoya yakionekana uzi mmoja mmoja, sarafu ni nzuri sana. Yakiwa yameungana kama kofia, imetumika wastani. Simba akibaki kivuli, bei yake ni ile ya hatua ya 7 au chini yake.

Tundu, kipete, herufi za mtu zilizochongwa: vyote vinaiondoa kwenye daraja la wakusanyaji. Mimi binafsi nina udhaifu na rupia zilizovaliwa, lakini bei yake nailipa ya metali tu.

Hatua ya 9: Nunua kwa utaratibu

Anza nyumbani. Kasha la bibi, kopo la vifungo, droo ya cherehani. Kisha maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Mombasa, na masonara wazee wanaopokea vyuma chakavu vya fedha. Usishangae pia kusikia shilingi ya simba imetokea Aden au Somalia. Ilitumika huko pia.

Ukiuziwa kwa simu, dai picha ya pande zote mbili na ya tatu sarafu ikiwa juu ya mizani. Asiyetaka kupiga picha ya mizani, mshukuru uendelee na safari. Usitume "kishika nafasi" kwa mtu usiyemjua.

Na zile habari za rupia yenye zebaki, inayovuta mchele, inayozima tochi, au iliyotoka kwenye mali ya Mjerumani na inatafutwa na tajiri wa nje kwa mamilioni: ni utapeli. Hakuna rupia yenye zebaki. Utaombwa hela ya "kipimo" au ya "mtaalamu", na hapo ndipo biashara nzima ilipo.

Sarafu zilizochimbuliwa kwenye magofu kama ya Kilwa au Gedi usiziguse kabisa. Hizo zinalindwa na sheria.

Hatua ya 10: Hifadhi na uandike

Kila sarafu kifuko chake. Mbali na mpira, gazeti na karatasi za kaki, maana vina salfa inayoitia weusi fedha. Plastiki laini yenye harufu kama ya mfuko wa shule mpya ni adui. Baada ya miezi huacha utando wa kijani unaonata. Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi ni kazi ya ziada: weka sarafu kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, uvibadilishe mara kwa mara.

Daftarini andika mwaka, herufi, uzito, ulipoipata na bei uliyolipa.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Imepakaa matope au vumbi gumu.* Ilaze kwenye yale maji safi ya betri, siyo asidi, usiku kucha, badilisha maji, igeuze. Ikaushe kwa kuigandamiza kwenye kitambaa laini, usisugue. Matope yasipotoka, yaache.

*Ina utando wa kijani unaonata.* Ni ile plastiki. Asitoni safi ya dukani huuondoa: chovya dakika chache kwenye kikombe cha kioo, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa limezimwa. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye manukato na mafuta haifai.

*Ina madoa makavu ya kijani yaliyochimba.* Hiyo ni kutu ya shaba, na shilingi ina shaba nyingi. Itenge na nyingine, iweke pakavu. Haiponi, ila inaweza kuzuiwa isisambae.

*Imekuwa nyeusi.* Weusi uliotulia na kusambaa sawasawa si ugonjwa. Wakusanyaji wengi huupenda.

*Shilingi imeandikwa 1930.* Shilingi za George wa 5 ziliishia mwaka 1925, na nyingine zikaja 1937. Safisha lenzi usome tena. Ukipata 1930 ile ile, usinunue.

*Nimeambiwa ni ya Edward wa 8.* Mfalme huyo jina lake lipo kwenye senti za tundu za 1936, za shaba. Shilingi yenye jina lake usiitafute.

*Mizani inanipa namba tofauti kila nikipima.* Betri imechoka, au feni inapuliza. Pima sarafu mpya ambayo uzito wake unaujua ili uikague mizani yenyewe.

*Nina mfuko mzima wa za 1948 hadi 1952.* Hazina fedha, usizipeleke kwa sonara. Chagua mbili tatu zilizo safi kabisa uziweke kando ya shilingi ya 1946 kwa kulinganisha, zilizobaki mbadilishane na wakusanyaji wenzako au uwape watoto wajifunzie kusoma herufi za viwanda.